Land Rover ya jeshi: mafuta hayafiki, maji yanachemka

Niligusia juzi zile Land Rover za zamani zilizotoka jeshini kwa mnada, na barua zimemiminika. Karibu zote ni za Series IIA na Series III zenye injini ya petroli ya cc 2286, na karibu zote zinalia jambo moja kati ya mawili: mafuta au maji. Nimechagua chache. Nitakaowaruka wanisamehe, majibu yao yamo humu humu.

Shikamoo fundi. Nimenunua Series IIA ya jeshi iliyokaa chini ya mwembe miaka kumi na moja. Injini inazunguka kwa mkono. Nikiweka betri mpya na petroli lita tano, naweza kuliwasha? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Injini kuzunguka kwa mkono ni habari njema kuliko zote ulizoandika. Betri iache dukani kwanza.

Petroli iliyokaa miaka hiyo si petroli tena. Imeganda ikawa kama vanishi, na ukifungua kofia ya tangi utasikia harufu ya rangi ya mlango. Chini yake kuna maji yaliyotokana na unyevu, na chini ya maji kuna kutu. Ukiwasha leo, pampu itavuta uchafu wote huo hadi kwenye jeti za kabureta, vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta, kisha utakuja kuniambia kabureta ni mbovu.

Gari la jeshi kwa kawaida lina matangi mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele. Yatoe yote mawili, hata kama moja linaonekana zuri. Yamwagie nje, mahali pa wazi, mbali na jiko la mama ntilie. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kimyakimya mpaka ukutane na mkaa. Wala usimruhusu mtu kuchomelea tangi kwa sababu "limeshakuwa tupu". Tangi tupu ndilo linaloua mafundi, kwani kinacholipuka ni mvuke, na tangi tupu limejaa mvuke.

Kusafisha: tia mnyororo mwembamba na mafuta ya taa lita mbili tatu, ziba matundu, kisha tikisa mpaka mikono iume. Mwaga, rudia. Kutu iliyobaki ilaze na siki usiku kucha, asubuhi suuza kwa maji yenye magadi ili makali ya siki yaishe, kisha likaushe juani haraka na upitishe petroli safi kidogo, la sivyo kutu itarudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi zamani nilitumia kokoto badala ya mnyororo. Moja ilibaki ndani, na mteja wangu akasikia "kro-kro" kila kona kwa muda mrefu sana. Mnyororo una ncha mbili. Ukivuta moja, wote unatoka.

Dawa za kupaka ndani ya tangi sizipendi. Zikipakwa juu ya kutu zinabanduka vipande vipande, na vipande hivyo vinaziba bomba vibaya kuliko kutu yenyewe.

Baada ya tangi, fuata bomba. Lipulize kwa upepo, badilisha vipande vyote vya mpira, kisha njoo kwenye pampu. Ile ya zamani ina bakuli la kioo chini na chujio la waya: fungua, safisha, weka gasketi mpya. Ndani kuna kiwambo cha mpira ambacho kikikaa kikavu miaka hupasuka, na kwa kuwa pampu imefungwa kwenye bloki, petroli inayovuja pale inaweza kuingia kwenye oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Kikinuka petroli, usiwashe injini hiyo hata kwa dakika moja. Badilisha kiwambo, mwaga oili.

Yote yakiwa sawa, tumia ule mkono mdogo ulio pembeni ya pampu kupandisha mafuta hadi bakuli lijae. Hapo sasa kanunue betri.

Fundi, gari langu likitumia tangi la kushoto halina shida. Nikigeuza koki nitumie la kulia, linakwenda kama dakika kumi kisha linakohoa na kuzima. Nimeshabadilisha pampu mara mbili. (Msomaji, Nakuru)

Dada, pampu ni ile ile kwa matangi yote mawili. Ingekuwa mbovu, la kushoto nalo lingekugomea. Hizo pampu mbili zirudishe dukani kama watakubali.

Siku likizima tena, usifungue boneti. Nenda moja kwa moja kwenye kofia ya tangi la kulia, uifungue taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia "fyuuu" hewa ikiingia, umempata mwizi wako: kofia haipumui. Mafuta yanatoka lakini hewa haiingii kushika nafasi yake, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Kofia yenye tundu lililozibwa na vumbi hutibika kwa sindano. Nimeona pia kofia za gari jingine kabisa zimefungwa pale kwa sababu zinaingia.

Usiposikia kitu, basi tatizo liko kati ya tangi na koki: kichujio cha ndani ya tangi kimeziba, au bomba la kunyonyea limepasuka na linavuta hewa, au mpira wa koki yenyewe umekwisha. Badilishanisha mabomba mawili pale kwenye koki. Ugonjwa ukihamia upande wa kushoto, mgonjwa ni tangi la kulia au bomba lake. Ukibaki palepale kwenye koki, mgonjwa ni koki.

Gari langu lilikuwa linachemsha kwenye milima ya Lushoto. Fundi akatoa thamostati, akasema haina kazi Afrika. Bado linachemsha. (Msomaji, Tanga)

Hili ndilo linalonipandisha presha mimi mwenyewe. Nusu ya Land Rover zinazoletwa kwangu hazina thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kupoa kwenye rejeta, na wenyewe hawajui.

Kwenye injini hii kuna mpira mfupi unaorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Kazi yake ni injini ikiwa baridi. Thamostati za mwanzo za magari haya zilitengenezwa hivi: inapofunguka kuelekea rejeta, pete yake inaziba ile njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na maji ya moto, ambayo nayo ni mavivu kama sisi, yanazunguka huko huko badala ya kwenda kupoa. Kwa hiyo fundi wako hakuacha tu ugonjwa, kauongeza. Rudisha thamostati ya aina yake, na kabla ya kuifunga ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni, uone kama inafunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake.

Sasa chanzo. Angalia kofia ya rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, huchemka kwa nyuzi 95 tu, na Nairobi ni 94. Ukipanda Lushoto nako unapoteza nyuzi kadhaa njiani. Kofia nzima inayozuia shinikizo la pauni 9 kwa inchi ya mraba inakuongezea nyuzi zaidi ya 10 juu ya hapo. Kofia ambayo mpira wake umekatika haikupi hata moja. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho cha mwisho kuangaliwa.

Kisha bloki. Magari ya jeshi yamekunywa maji ya mito, visima na madimbwi, na tope lake hutulia nyuma ya bloki, kuzunguka silinda ya nne. Kuna koki ya kumwagia ubavuni mwa bloki. Ukiifungua na hakitoki kitu, usifurahi kwamba haina maji; imezibwa. Ing'oe yote, chokoa kwa waya mpaka tope litoke, halafu osha kwa mpira wa bustani. Rejeta ioshe kinyumenyume, maji yakiingia chini na kutokea juu. Usitie soda ya kuzibulia vyoo, inakula solda.

Ukimaliza yote na bado inachemsha, angalia taimingi ya moto na breki zinazobana. Maji hayana kosa siku zote.

Niko Muscat, nina Series III yenye kabureta ya Zenith. Asubuhi linawaka mara moja. Jioni nikilizima dakika kumi sokoni, haliwaki mpaka lipoe. Fundi wa hapa amebana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la mafuta.

Vibanio viache, havidhuru, na siku za kufua unajua vilipo.

Kwanza jua kama injini imekosa petroli au imezidiwa. Chomoa plagi moja baada ya kugoma. Ikiwa kavu, petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba au pampu: lisogeze bomba mbali na eksozi. Ikiwa imelowa, petroli imechemka ndani ya kabureta na kumwagikia kwenye manifoldi. Hapo kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ushikilie bila kupampu, kisha piga staa.

Kulowa huko mara nyingi kuna mshirika. Kifuniko cha Zenith 36 IV kinajulikana kwa kupinda kikikazwa kupita kiasi. Kivue, kiweke juu ya kioo. Kikicheza, kisugue kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo hicho hicho mpaka kitulie. Na kile kipete cha mpira kilicho kati ya kifuniko na mwili, usikirudishe cha zamani.

Petroli isiyo na risasi itaua valvu zangu?

Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Kama gari limetembea tangu hapo, limekwisha kujibu. Pima nafasi ya tapeti, yaani ule mwanya ulio juu ya valvu, inchi 0.010, kila baada ya miezi michache. Ya eksozi ikizidi kupungua, kiti cha valvu kinalika. Isipopungua, endesha.

Nifunge pampu ya umeme nimalize matatizo? Gari ni lile la jeshi lililotengenezwa kubeba mitambo ya redio.

La redio lina umeme wa volti 24. Pampu ya volti 12 itaungua siku hiyo hiyo. Na pampu nyingi zinazouzwa mitaani ni za magari ya injeksheni, zina nguvu ya kuisukuma sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, na kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Nunua kiwambo cha pampu ya zamani.

Kulanti ya rangi gani?

Usifuate rangi, soma kopo. Rejeta ya shaba iliyoungwa kwa solda inataka ile ya aina ya zamani yenye silikati. Usichanganye aina mbili. Ile unayomwaga ni sumu, na ni tamu: ndoo ifunike kabla mbwa au mtoto hajaiona.