Boti ya siku nzima Porto–Régua: usilipe, nimeshalipa kwa niaba yako

Mleta uzi, toa kidole kwenye kitufe cha kulipia. Toa kabisa, weka simu mezani, soma kwanza.

Umesema unakwenda Porto, Ureno, katikati ya Oktoba kwa semina, shemeji anafuatana nawe, mna siku moja tu huru, na mmeona boti inayoondoka saa mbili asubuhi kupandisha Mto Douro mpaka mji wa Régua. Chai na chakula cha mchana ndani, kuonja mvinyo, kurudi kwa treni jioni. Umeuliza kama bei ni ya haki, mlale upande gani wa mto, shemeji asiyekunywa pombe atafanya nini, mbebe nguo gani, na laini ya simu mtapata wapi. Nitajibu ninayoyajua.

Hiyo boti nimeipanda Juni 2023. Njia ileile, saa ileile, mpaka kale kapicha ka tangazo ulikokaweka hapa, ka mlima uliochongwa matuta ya mizabibu na mto umejipinda kwa chini, ndiko kalikoniponza mimi. Nilikuwa natimiza miaka kumi ya ndoa. Mama watoto amevaa viatu vya kisigino, mimi nimevaa koti la bluu kama mshenga. Cheka tu, picha zipo na sizitoi.

Halafu ujue mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekua nikiona mashamba ya Hombolo, na kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hao wenzetu wa Douro wanavuna mara moja, mwezi wa tisa, na bado wanaimbiwa dunia nzima. Kwa hiyo sikwenda kushangaa zabibu. Nilikwenda kuona ule mlima wa kwenye picha. Nililipa yuro 190 kwa watu wawili, laki tano za kwetu hivi, kwa ajili ya ule mlima.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Nusu saa ya kwanza ni raha, sitasema uongo. Mnaondoka gatini Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto, mnapita chini ya daraja la Dom Luís I la mwaka 1886, lile la chuma lenye njia mbili, moja juu moja chini, kisha daraja la Maria Pia la 1877 lililojengwa na kampuni ya Eiffel yuleyule wa mnara wa Paris. Kila mtu sitahani na simu juu. Mnafika bwawa la Crestuma-Lever: boti inaingizwa kwenye chumba cha zege, lango linafungwa nyuma, maji yanajazwa, mnapanda mita kama 14 mkiwa mmekaa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mimi.

Baada ya hapo, mkuu, ni mikaratusi. Mikaratusi upande huu, mikaratusi upande ule, nyumba ya mtu, gati dogo, mbwa, mikaratusi. Nimetoka nilikotoka nikalipa laki tano kutazama mikaratusi, wakati ukipita Mufindi na basi unaiona bure, tena dereva anakusimamishia ununue karanga! Saa nne ikapita. Saa tano. Jua la Juni limesimama utosini, sitaha ya juu haikaliki, koti nimelivua nimelifanya mwavuli. Kila kona nilikuwa namwambia mwenzangu, "Subiri, mizabibu inaanza hapo mbele." Kufikia saa sita akawa ananiangalia bila kujibu, na ukishaoa unajua lile ni jibu.

Tatizo ni hili, na hakuna tangazo litakalokwambia. Yale matuta hayako Porto wala jirani na Porto. Kati ya pwani na mashamba kuna milima ya Marão, ndiyo inayozuia mvua ya Atlantiki. Huku upande wa bahari ni ukijani, unyevu, mawe ya itale. Ukishavuka ndipo nchi inakauka, udongo unakuwa wa mawe yanayopasuka vipande vipande kama vigae, na mizizi ya mzabibu inapenya humo kutafuta maji. Mpaka wa eneo la mvinyo mtamu wa Port ulichorwa na serikali ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, mwaka 1756, wakasimika na mawe ya mipaka, na kwa anayetoka baharini unaanzia Barqueiros, karibu kabisa na Régua. Yaani boti inakata karibu kilomita mia moja, mizabibu ya kwenye picha inaanza kuonekana mkiwa mnakusanya mikoba mshuke. Ile picha ya tangazo ni ya Pinhão, mbele zaidi, ambako boti yetu haikufika!

Chakula sasa. Kengele ya chakula ikagonga tunakaribia bwawa la Carrapatelo. Hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika safari nzima: boti inapandishwa mita 35 ndani ya kisima cha zege, kama unapanda jengo la ghorofa kumi na moja ukiwa ndani ya beseni. Mimi nilikuwa wapi? Chini, meza ndefu, nimebanwa kati ya wazee wawili wa Kihispania, nakula bacalhau, yaani samaki wa chumvi, mithili ya ng'onda aliyepata visa. Dirishani naona ukuta umelowa unateremka. Mwenzangu akasema, "Kumbe tumefika gereji."

Na mvinyo? Ah. "Kuonja mvinyo" ya humo ndani ni kikombe cha plastiki cha Port, ukubwa wa kikombe cha kahawa ya mtaani, ile ya kupiga na kashata. Halafu jagi la mvinyo wa kawaida mezani. Régua tukashuka saa tisa, tukapakiwa basi mpaka ghala moja la mapipa. Mwongozaji akaeleza kwa Kireno, akarudia kwa Kihispania, akarudia kwa Kifaransa. Ilipofika zamu ya Kiingereza dereva alikuwa anapiga honi. Glasi tatu, dakika kumi na mbili, nilihesabu. Port ina kilevi cha asilimia 19 mpaka 22, kwa sababu juisi ikiwa bado inachacha wanamimina pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, uchachu unakatika na sukari inabaki. Ni tamu, haikwambii kitu. Nilizipiga zote tatu kama maji kwa hasira, juani, na nilipokuja kusimama nikagundua magoti si yangu.

Kilichoniua hasa kilikuwa kurudi. Tukapanda treni. Reli ya Douro inapita ukingoni mwa mto huohuo, sehemu nyingine unadhani ukinyoosha mkono dirishani utagusa maji. Kwa saa moja nikaanza kuyaona yaleyale ya asubuhi yanarudi kinyumenyume, gati lile, nadhani hata mbwa. Kwa saa mbili tulikuwa Porto. Saa saba za boti, saa mbili za treni, na tiketi ya treni bei yake haifiki hata robo ya ile ya boti. Hapo ndipo nilipojua nimepigwa.

Nani alinipiga? Wawili. Wa kwanza ni dada wa mapokezi hotelini. Nilimuuliza waziwazi, "Mashamba ya mizabibu tutayaona kutoka kwenye boti?" Akajibu, "Ndiyo, mengi." Tabasamu hilo! Nikaja kugundua kila kijikaratasi cha boti pale mezani kina muhuri wa hoteli, yaani kamisheni yake ilikuwa imekaa palepale tunatazamana nayo. Simlaumu sana, naye anatafuta. Wa pili ndiye nisiyemsamehe: rafiki yangu wa siku nyingi, amekaa Lisbon miaka sita, kila ukimpigia anaongea kama waziri wa utalii. "Panda boti, mzee, utanishukuru." Niliporudi nikambana. Unajua alisemaje? Hajawahi kuipanda. Aliona picha za mtu. Miaka sita! Bado ana deni langu na nimeshamwambia riba inapanda.

Kuna mfanyabiashara mmoja Mwingereza wa mvinyo, Joseph Forrester, alizama mto huuhuu mwaka 1861 pale Cachão da Valeira, enzi hizo mto una maporomoko na mabwawa hayajajengwa. Inasimuliwa kwamba mkanda wake wa kiunoni uliojaa fedha ndio uliomvuta chini, na kwamba Dona Antónia Ferreira, mwenye mashamba mengi, aliyekuwa boti hiyohiyo, alinusurika kwa kuwa gauni lake pana lilielea. Mama watoto alipousikia mkasa huu akasema mimi ningeelea vizuri tu, maana mkanda wangu ulishamalizwa gatini.

Tukarudi Septemba 2024, kwa shingo upande kwa upande wake. Safari hii nikafanya ninachokwambia ukifanye: TRENI KWANZA, BOTI BAADAYE. Stesheni ya São Bento (fika mapema kidogo utazame vigae vya bluu ukutani, viko kama elfu ishirini), treni mpaka Pinhão, saa mbili na nusu hivi. Kama treni yenu inaanzia stesheni ya Campanhã, nenda Campanhã, si mbali. Saa ya kwanza hamna kitu, lala. Baadaye reli inateremka mtoni na haiuachi tena. Mkishapita Régua, amsha shemeji.

Pinhão ni kijiji tu. Stesheni ina vigae vya mwaka 1937 vinavyoonyesha uvunaji, watu na vikapu mgongoni. Unateremka kwa miguu dakika chache uko gatini, na pale kuna vibanda vinauza safari ya boti ya saa moja, au saa mbili kuelekea Tua. Boti za mbao za mtindo wa rabelo, zile zilizokuwa zikiteremsha mapipa mpaka Gaia, ila siku hizi zina injini. Tulilipa yuro zisizofika 20 kila mmoja kwa saa moja.

Mkuu, dakika ya tano tu. Dakika ya tano mlima ukafunguka pande zote mbili, matuta juu ya matuta, kama mtu amechukua Lushoto akaichana kwa kitana. Watu wako juu kule wadogo kama siafu, wanavuna, unasikia wanaitana. Injini ikazimwa kidogo. Mwenzangu alikuwa ametia mkono majini. Akasema bila kugeuka, "Hiki ndicho nilichodhani tumelipia mwaka jana."

Kisha tukaenda kuonja kwa miguu. Quinta do Bomfim (quinta ni shamba la mizabibu) iko karibu na stesheni, weka nafasi kabla hujatoka Porto, na hakuna basi la kukupigia honi. Anza na Port nyeupe, kisha ruby, malizia na tawny. Hizi mbili za mwisho zinatoka kwenye zabibu nyekundu zilezile: ruby inakingwa na hewa hivyo inabaki na wekundu wake, tawny inakaa kwenye mapipa madogo miaka na miaka mpaka inakuwa rangi ya chai ya rangi, na inanukia karanga na zabibu kavu. Kula kwanza. Na ndoo iliyoko mezani ni ya kutemea, usione haya. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni ya maua.

Kuna pia boti nyingine aliyoitaja mchangiaji wa juu, ile inayopita madaraja sita pale pale Porto. Dakika hamsini, nzuri, bei yake inavumilika. Ipande jioni ya siku ya semina kama mna hamu ya maji. Na kuonja Port hamlazimiki hata kusafiri, maghala yako Gaia ng'ambo ya daraja, mnavuka kwa miguu. Mlale upande wa Porto au wa Gaia? Popote pasipo na mlima mkali, shemeji atakushukuru. Mimi nililala penye mlima.

Oktoba yenu uvunaji utakuwa umeisha au unaishia, lakini majani ya mizabibu ndipo yanapoanza kugeuka rangi, na mvua inawezekana. Treni za kwenda Pinhão si nyingi kwa siku, kwa hiyo angalia ya kurudi kabla hujaangalia ya kwenda. Viti havina namba kwenye hizi za kawaida: ingia mapema, kaa dirishani upande wa kulia mkitoka Porto, kushoto mkirudi. Ukikaa kinyume utatazama ukuta wa mawe saa nzima, na usinitaje.

Hayo mengine uliyouliza wadau watakujibu. Na kama ulishalipa kabla ya kufika mstari huu, fungua masharti yao ya kurudishiwa pesa usiku huuhuu, sehemu ya saa 48, imeandikwa kwa herufi ndogo kule chini.