Kabla Barua Haijafika: Ushauri kwa Wafanyakazi wa Magazeti Uganda

Kwa miaka mingi nilihariri habari za wilayani katika gazeti moja la Kampala, na nimepitia kipindi kimoja cha kupunguza wafanyakazi nikiwa miongoni mwa waliobaki, kisha kingine nikiwa miongoni mwa walioondoka. Ninawaandikia wenzangu ambao bado wako kazini na wanalala wakiwaza kama majina yao yamo kwenye orodha. Ushauri wangu umesimama juu ya jambo moja: yale utakayoyahitaji siku ya barua ya kuachishwa kazi, yakusanye sasa ukiwa bado una kitambulisho cha kuingilia ofisini, kwa sababu barua ikishatolewa, wengine ndio wanaopanga tarehe zote.

Hofu iliyomo katika vyumba vya habari ina sababu zake. Gazeti huishi kwa matangazo zaidi kuliko kwa fedha anazotoa msomaji barabarani, na uchumi unapoyumba, bajeti ya matangazo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa na makampuni. Mwaka 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa mwezi Machi, wauza magazeti wengi hawakuweza kufika kwenye vituo vyao na ofisi zilizozoea kununua nakala kila asubuhi zilikuwa zimefungwa. Mwaka huohuo Vision Group, kampuni inayochapisha New Vision, ilisimamisha uchapishaji wa Orumuri, Etop na Rupiny, magazeti yaliyowafikia wasomaji wa magharibi, Teso na kaskazini kwa lugha zao. Januari 2021 Facebook ikafungwa nchini, nayo ilikuwa njia kubwa ya kuwaleta wasomaji kwenye tovuti zetu. Machi 2023 Rais Museveni akaagiza matangazo ya serikali yapitie UBC, shirika la utangazaji la taifa, na magazeti ya binafsi yakaona chanzo kingine cha mapato kikielekezwa kwingine. Ninayataja haya kwa sababu nimewaona waandishi hodari wakijilaumu kwa miezi baada ya nafasi zao kufutwa, wakitafuta kosa katika kazi yao ambalo halikuwapo.

Dalili huanza kuonekana mapema. Kwetu sisi, mkutano wa alasiri uliozoea kuzipa habari za wilayani kurasa nne ulianza kutoa tatu, kisha mbili, na mhariri wa zamu akawa anaambiwa asubiri mpaka idara ya matangazo ithibitishe kama ukurasa wa tano umeuzwa. Baadaye gari lililokuwa likiwarudisha nyumbani watu wa zamu ya usiku likaondolewa, na malipo ya waandishi walioko Gulu, Mbale na Arua, ambao hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, yakaanza kuchelewa. Ukiona mambo kama haya yakifuatana, usisubiri tangazo la uongozi.

Anza na nyaraka. Tafuta mkataba wako wa kwanza, barua za kupandishwa cheo, karatasi za mshahara, mwongozo wa wafanyakazi na rekodi ya siku za likizo ambazo hujazitumia, kisha tunza nakala nje ya ofisi na nje ya barua pepe ya kazini, kwa maana barua pepe hiyo inaweza kufungwa siku ileile unayokabidhiwa barua. Kusanya pia kazi zako zilizochapishwa. Tovuti za magazeti hubadilishwa, viungo vya habari za zamani hupotea, na mwandishi anayeomba kazi kwingine bila mfano hata mmoja wa kazi yake hupata tabu kubwa kujieleza.

Fungua pia taarifa yako ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na uisome mwezi kwa mwezi. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 5 ya mshahara wako, aongeze asilimia 10 kutoka kwake na kupeleka fedha hizo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Kampuni inapobanwa, michango hii huwa rahisi kucheleweshwa kwa sababu mfanyakazi haoni pengo mfukoni mwake. Ukikuta miezi isiyo na mchango, uliza kwa maandishi ukiwa bado kazini. Wengi huamini pia kwamba wakipoteza kazi NSSF itawaokoa mara moja, na sivyo ilivyo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Aliyefikisha miaka 50 anaweza kuchukua mafao yake baada ya kukaa mwaka mzima bila ajira. Mwenye miaka 36 aliyepunguzwa leo asiiweke akiba hiyo katika hesabu ya karo ya muhula ujao.

Siku ya barua ina mtego wake. Utaitwa chumba cha rasilimali watu, utakuta karatasi mbili au tatu mezani, na mtu mwenye sauti ya upole atakuomba utie sahihi ili malipo yasichelewe. Soma kila karatasi. Kuthibitisha kwamba umepokea barua ni jambo moja, na kukubali kwamba kiasi kilichoandikwa kinamaliza madai yako yote ni jambo jingine kabisa. Andika kwamba umepokea tu, weka tarehe, kisha omba muda wa kuipeleka karatasi ya malipo kwa mtu anayeijua sheria. Sijamwona mwajiri aliyeondoa malipo ya mtu kwa sababu aliomba siku mbili za kusoma, lakini nimewaona wenzangu waliotia sahihi kwa mkono unaotetemeka na baadaye wakashindwa kudai hata likizo zao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa pa kusimamia. Notisi hutegemea muda uliofanya kazi: mwezi mmoja kwa aliyetumikia kati ya mwaka mmoja na mitano, miezi miwili kwa kati ya mitano na kumi, na miezi mitatu kwa aliyefikisha miaka kumi au zaidi. Mwajiri anayekusudia kuwaondoa watu wasiopungua 10 ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi anapaswa kuwajulisha wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, kama kipo, na Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Kuhusu kiinua mgongo, sheria haikuweka kiwango, bali imeacha kijadiliwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao, na ndiyo maana nasisitiza kwamba mjadiliane kwa pamoja kabla orodha haijatoka, kwa kuwa mtu mmoja mmoja mbele ya meneja hana nguvu. Dai cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa kinyume cha sheria, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, kwa maana muda huo hupita upesi ukiwa bado unatafuta pa kuegemea.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Usichukue mkopo mpya wa mshahara wakati kurasa zinapungua, na kama tayari unao, soma mkataba uone kama una bima inayolipa mkopaji anapopoteza kazi. Kiinua mgongo kikiingia, usikitie chote kwenye bodaboda au kuku kwa sababu jirani amesema vinalipa. Lipa karo na kodi ya nyumba, kisha yaliyobaki yaache kwenye SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, mpaka kichwa kitulie.

Ujuzi wa gazeti una soko nje ya gazeti. Wasanifu kurasa niliofanya nao kazi walihamia Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, ambako kazi ya uchapaji haikauki na hufurika majira ya kampeni za uchaguzi. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna nafasi ambayo watu wengi hawajaiona. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inakitumia kama lugha rasmi, kwa hiyo vitabu, tafsiri na uhariri vinahitaji watu waliozoea kukabidhi kazi kwa wakati. Anza kuchukua kazi hizo ndogo mapema, kwa ruhusa ya mkataba wako. Ninachokusihi usikikaribie ni bahasha, yaani fedha za kumhonga mwandishi. Mshahara unapokatwa, anayetaka habari yake itoke huanza kukuongezea nauli, kisha huanza kukuchagulia kichwa cha habari, na jina ulilolijenga ndilo mali pekee utakayotoka nayo ofisini bila mtu kuikagua mlangoni.

Kuna kundi ambalo barua haiwafikii kabisa, nao ndio ninaowawaza zaidi. Waandishi wa wilayani huacha tu kupigiwa simu. Hawapewi notisi wala cheti, na wengine wanadai malipo ya habari za miezi iliyopita ambazo sisi wahariri ndio tuliowaagiza. Mhariri anayesoma haya na anahisi zamu yake imekaribia, namwomba aketi leo jioni na kila mwandishi aliye chini yake, hata kwa simu, waandae orodha ya habari zilizochapishwa bila kulipwa, yenye tarehe na namba ya ukurasa, aitie sahihi yake na kuipeleka idara ya fedha kabla hajakabidhi meza.