Hiyo zambarau kwenye lenzi usiisugue

Kaka uliyeuliza kama ile zambarau kwenye lenzi yako ni uchafu, hapana, usiisugue kabisa, hiyo ni filamu nyembamba sana wanayopakaga kiwandani, mara nyingi magnesiamu floridi, unene kama nanomita 100 tu. Kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, sasa filamu inapunguza hiyo, maana mawimbi ya mwanga yanayorudi juu ya filamu na yale ya chini yake yanafutana, ya kijani ndo yanafutika zaidi, inabaki nyekundu na bluu ndo maana unaona zambarau. Zeiss, ile kampuni ya lenzi ya Ujerumani, walikuwa nayo tangu 1935. Na vumbi letu hili la Dodoma lina mchanga aisee, lipulize kwanza ndo ufute, ukifuta kavukavu unaikwaruza.