Foleni ya methadoni inakukosesha kibarua: namna ya kudai mabadiliko

Ndugu muulizaji, umesema dirisha la methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini inayonywewa kliniki kila siku, linafunguliwa kwenu saa mbili asubuhi, kwamba umeshapoteza kibarua mara mbili kwa sababu ya foleni, na kwamba unaogopa kuitwa mkorofi ukilalamika. Hofu yako ina msingi: mimi niliwahi kulisemea jambo kama hilo peke yangu, nikajibiwa kuwa dozi ndiyo inayonisemesha.

Kwa hiyo usiende peke yako. Tafuta wenzako wanane au kumi, na kwa wiki mbili kila mmoja aandike daftarini saa aliyofika, saa aliyokunywa dawa na kazi iliyompita, kwa kuwa mganga mfawidhi anaweza kupuuza manung'uniko lakini si rahisi apuuze kurasa kumi zenye saa na tarehe. Kisha andikeni barua fupi, yenye nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, mkiomba dirisha lifunguliwe mapema zaidi, na waliotulia wafikiriwe dozi za kwenda nazo nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaruhusu dozi hizo kwa mtu ambaye dozi na maisha yake vimetulia, iwapo hatari ya dawa kuuzwa mtaani ni ndogo. Hoja hiyo ya kuuzwa mtaani mtaulizwa tu, basi ijibuni humo humo baruani.

Watafuteni pia TaNPUD, mtandao wa Watanzania wanaotumia dawa za kulevya. Barua ikipokelewa, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri.