Crown au Mark X?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Premio ya cc 1500, nimekaa nayo miaka sita, sasa nataka kupanda kidogo. Nimepata Mark X ya 2010 na Crown Athlete ya 2010, zote cc 2500, zote ziko hapa hapa Dar, Crown bei yake imeizidi Mark X kwa milioni nne. Nakaa Kibaha nashuka mjini kila siku, wikiendi nabeba mama mzazi na watoto watatu. Mke wangu anasema Mark X ni gari ya wahuni. Nichukue ipi?
Baba Watatu, Kibaha

JIBU: Shemeji ana pointi, nitarudi kwake. Ila kaka, hizo gari ni ndugu wa tumbo moja. Ukifungua boneti unakuta injini ile ile ya V6 (silinda sita), inaitwa 4GR, gia boksi za gia sita, zote zinasukumwa na tairi za nyuma, upana milimita 1,795 zote, na kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma ni 2,850 kwa zote mbili. Crown imezidi urefu tu, kama sentimita 14 hivi, kwa hiyo mtu akikwambia moja inakunywa mafuta kuliko mwenzake muulize alikuwa anaendeshaje. Na kutoka Premio ujiandae, foleni ya Kimara utaihisi mfukoni.

Na nyuma, zote zina lile tuta la propela (chuma kinachopeleka nguvu tairi za nyuma) katikati ya sakafu, mtoto wa kati atalia na miguu yake ukinunua yoyote.

Sasa hiyo 4GR. Inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, kaboni inaganda taratibu mpaka sailensi (injini ikinguruma gari imesimama) inaanza kutetema na nyingine zinakula oili kabisa. Ndiyo maana nasema nenda alfajiri, washa mwenyewe injini ikiwa ya baridi, chomoa dipstiki uangalie, halafu kaa nyuma ya ekzosi uone moshi. Ukikuta boneti ina moto muuzaji ameshaiwasha, rudi kesho yake. Mimi nilishachezewa hivyo, nikaona aibu kurudi, nikanunua, kila wiki mbili naongeza lita ya oili. Oili ya gia boksi nayo ni WS, aina ya Toyota wenyewe, usikubali ya kupimiwa kwenye kidumu.

Tairi ndizo zinanipa uamuzi. Athlete inatembelea 225/45R18, ubavu mwembamba kama chapati, shimo moja la mtaani kwenu mvua ikinyesha na rimu imepinda. Mark X ya kawaida ni rimu 16, tairi 215/60, nene, bei nafuu, na mama mgongo wake utashukuru. Kwa safari zako ningechukua Mark X, ile milioni nne ikabadilishe bushi, shokapu na tairi zote nne, na chenji inabaki.

Ila hapo ndipo shemeji anaingia, maana nyingi zimepita kwa vijana wa kudrifti. Ukiikuta imekatwa springi au ekzosi inaunguruma mpaka majirani wanachungulia, chukua Crown, na umwambie shemeji alishasema.