Video ya askari na PDF ya tenda zimeingia WhatsApp, naanzia wapi kuhakiki bila kumchoma aliyenipa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, sina chombo nyuma yangu wala mwanasheria. Wiki iliyopita jamaa mmoja anayefanya kazi serikalini kanitumia vitu viwili WhatsApp. Cha kwanza video ya dakika 2 hivi, askari wanampiga mtu ambaye tayari kafungwa pingu. Cha pili PDF ya kurasa 43 za tenda, imeskaniwa, ina sahihi na mihuri, inaonyesha kampuni iliyopewa kazi ni ya watu wa karibu na bosi wa idara hiyo hiyo. Nimeangalia metadata ya video sioni kitu, imefutika yote, je maana yake ni feki? Na hiyo PDF naweza kuipandisha kama ilivyo ili watu wajionee? Maana siku hizi bila kuona dokumenti watu hawaamini kitu.

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Nianze na la mwisho maana ndo lenye moto, hiyo PDF usiipandishe. Wala usimtumie mhariri rafiki yako, na zaidi ya wote usimtumie msemaji wa hiyo idara eti akuthibitishie. Sababu nakuja nazo huko chini.

Sasa metadata. Kufutika sio dalili ya feki hata kidogo. WhatsApp ukiitumia video kama video inaibana upya iwe nyepesi, na kwenye kule kubanwa zile taarifa za ndani zinaondoka, simu iliyorekodi, saa, mahali GPS iliposoma. Ya kweli inaondokewa, ya uongo pia inaondokewa. Kwa hiyo ulichonacho ni nakala ya nakala, na kazi yako ya kwanza ni kuitafuta orijino. Muulize jamaa (hamieni Signal, ile programu ya meseji za siri, meseji ziwekeeni muda wa kujifuta) kama alirekodi mwenyewe au na yeye kafowadiwa. Hili swali wengi wanaliruka kwa aibu, wanaona kama wanamtilia mashaka mtu aliyejitoa mhanga, lakini we uliza tu, kwa heshima. Kama kafowadiwa basi na nani, na huyo naye kaipata wapi, unapanda hivyo hivyo ngazi moja moja mpaka umfikie aliyekuwa ameshika simu siku ile. Ukimfikia mwombe atume faili kama dokumenti, sio kama video, maana ikienda kama dokumenti haibanwi, inafika na kila kitu chake.

Ikifika usiwe na pupa. Kabla ya kuifungua piga hashi, ile SHA-256, programu za bure zipo na kompyuta nyingi zinayo ndani tayari. Inasoma faili zima halafu inakutolea mlolongo wa herufi na tarakimu 64, na mtu akigusa hata pikseli moja mlolongo unakuja mwingine kabisa. Uandike kwenye daftari la karatasi, na tarehe, saa, na faili limefika kwa njia gani, ila jina la aliyekupa usiliandike humo, mpe alama unayoijua wewe tu. Orijino iweke kwenye flashi ambayo hutaigusa tena, kazi zote fanya kwenye nakala. Mimi nilijifunza kwa kuungua, kuna picha nilipewa zamani za majeraha ya mtu, imelala ubavu, nikaizungusha kwenye simu ili tu ikae wima nione vizuri, programu ikasevu juu ya ile ile na saa ikabadilika ikawa ya siku hiyo niliyozungusha. Picha ilikuwa ya kweli kabisa ila sikuweza kuitumia, maana wakili yeyote angeniuliza swali moja tu nikakosa jibu.

Lakini ngoja, hapa ndo pagumu penyewe. Hiyo metadata unayoililia ili ikuthibitishie, ndo hiyo hiyo inayomchoma mtu wako. Desemba 2012 John McAfee, yule tajiri wa programu za kuua virusi, alikuwa anawakimbia polisi wa Belize waliotaka kumhoji kuhusu kifo cha jirani yake, jarida la Vice likatoa picha yake wakiwa naye mafichoni, picha ikiwa na GPS yake ndani. Watu wakasoma, yuko Guatemala. Siku chache baadaye akakamatwa. Wale hawakuwa na nia mbaya, walisahau kusafisha faili tu. Kwa hiyo unazo kazi mbili zinazopingana, ndani ya kabati lako faili liwe chafu na kila kitu chake, likitoka nje liwe safi, na usije ukachanganya lipi ni lipi, maana kosa moja la kubofya faili lisilo lenyewe halirudi nyuma.

Haya, na kama orijino haipatikani? Mara nyingi haipatikani, tusidanganyane. Unaanza na wepesi, unatoa fremu kadhaa za video unazitafuta kwenye injini za kutafuta picha, nusu ya video za "polisi jana usiku" ni za miaka mitano nyuma kutoka nchi nyingine. Ikipita hapo ndo unaingia kwenye mahali na saa. Mfano ninaoupenda ni wa Cameroon. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, serikali ikasema ni habari za uongo, sio askari wake. Timu ya BBC Africa Eye pamoja na wachambuzi wa kujitegemea wakauchukua ule mstari wa milima unaoonekana nyuma kwa sekunde chache, wakaulinganisha na umbo la milima kwenye Google Earth mpaka ukakaa mahali pake, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Nigeria. Tarehe je? Majengo yanayoonekana kwenye video yalikuwepo kwa kipindi fulani tu kwenye picha za setilaiti, hapo miaka ikabanwa. Halafu wakatumia vivuli vya askari wenyewe, urefu wa kivuli ukilinganisha na urefu wa mtu unakupa jua lilikuwa juu kiasi gani, na upande kinakoelekea unakupa jua lilikuwa wapi, ukishajua mahali unabaki na siku chache tu zinazowezekana, wao wakatua mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili 2015. Serikali ile ile iliyokuwa imekana ikatangaza kuwashikilia askari 7, na 2020 mahakama ya kijeshi ikawafunga wanne miaka 10 kila mmoja.

Nakutajia hiyo kwa sababu hakuna mahali kwenye hiyo hesabu chanzo anahitajika. Mlima hauna bosi wa kuufukuza kazi. Kwenye video yako tafuta vya namna hiyo, ukuta, nguzo ya umeme, paa, kibao cha duka, namba ya gari, alama kwenye sare, sauti ya mtu anayepita nyuma. Sikiliza bila kuangalia, halafu angalia bila sauti, utashangaa unavyovikosa ukifanya vyote pamoja.

Na usikae na video peke yake. Tafuta karatasi inayotembea na tukio hilo, mtu aliyepigwa hivyo kapita hospitali, kaandikwa kwenye kitabu cha kituo, kafikishwa mahakamani na maelezo ya askari yapo kwenye jalada. Hapo ndo uongo unakamatwa, kwenye tofauti ya maelezo yao na kinachoonekana. Chicago Oktoba 2014 polisi walimpiga risasi kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba aliwafuata askari na kisu. Mwandishi wa kujitegemea Jamie Kalven akanong'onezwa na mtu wa ndani kwamba kuna video ya kamera ya gari la polisi na haifanani na hayo maelezo. Video hakuipata. Akafuatilia ripoti ya uchunguzi wa maiti, akakuta risasi 16, Februari 2015 akaiandika. Mwandishi mwingine wa kujitegemea, Brandon Smith, akaiomba video kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, wakamnyima, akawashtaki, jaji akaamuru itolewe. Ikatoka Novemba 24, 2015, na askari aliyepiga akafunguliwa mashtaka ya mauaji siku hiyo hiyo, zaidi ya mwaka tangu tukio. Wote wawili walikuwa hawana chombo kikubwa nyuma yao, kama wewe.

Ona alichofanya yule mtu wa ndani. Hakutoa faili. Alisema tu kitu fulani kipo, kitafuteni. Na hii ndo namna ninayotaka uitumie kwenye tenda yako, hiyo PDF ichukulie kama ramani, sio kama hazina. Kaa na kurasa zote 43 halafu orodhesha kila kitu kilichotajwa humo ambacho kinaweza kupatikana kwa mlango wa mbele, namba ya tenda, tangazo lake, tarehe ya kufunguliwa, majina ya wazabuni walioshindwa (hao ongea nao kabla ya mtu mwingine yeyote, mtu aliyeshindwa tenda kwa hila ana kumbukumbu nzuri ajabu), usajili wa kampuni, wakurugenzi, anwani, ripoti za mkaguzi wa hesabu. Kampuni iliyosajiliwa wiki tatu kabla ya tenda kutangazwa inajieleza yenyewe, na hiyo tarehe iko kwa msajili, sio kwa jamaa yako. Ukifanikiwa kuipata habari nzima kwa njia hiyo, PDF hutaihitaji hata kuitaja.

Uhakiki wa PDF yenyewe usiishie kwenye mihuri, muhuri unachongwa na mtu yeyote. Angalia vitu ambavyo mwongo asingevifikiria. Pakistan mwaka 2017, kwenye kesi ya familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif iliyoanzia kwenye nyaraka za Panama (zile zilizovuja kuhusu kampuni za siri za nje ya nchi), ilitolewa hati ya tarehe ya Februari 2006 imechapwa kwa fonti (muundo wa herufi) ya Calibri, wakati Calibri ilianza kuwafikia watu wa kawaida 2007 na programu za Ofisi za Microsoft. Wachunguzi wakaishika hapo hapo. Kwa hiyo cheo cha aliyesaini, alikuwa na cheo hicho siku hiyo? Siku ya kikao ilikuwa sikukuu? Namba za barua zinafuatana na barua nyingine za ofisi hiyo unazoweza kuziona? Jumla za hela zinajumlika? Piga kikokotoo mwenyewe, usiamini jumla iliyoandikwa.

Sasa kwa nini usiipandishe. 2017 gazeti la mtandaoni la The Intercept lilipata ripoti ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, likawapa serikali nakala ili kuithibitisha. Wakaona alama za mikunjo, wakajua hii imechapwa kwenye karatasi ikabebwa mkononi. Wakakagua rekodi, watu waliokuwa wameichapa ni 6 tu, na mmoja wao alishawahi kuliandikia gazeti hilo kutoka kompyuta ya kazini. Huyo ndiye Reality Winner, mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 63 jela. Na juu ya hapo, nakala waliyoichapisha ilikuwa na vile vidoti vya njano visivyoonekana kwa macho ambavyo printa nyingi za rangi zinaviacha kwenye kila ukurasa, wataalamu wakavisoma vikatoa namba ya printa na tarehe na saa. Yako imeskaniwa, kwa hiyo mikunjo, vidoti, alama ya pini, mwandiko pembeni, vumbi la kioo cha skana, vyote vimo.

Kuna wanaosema nitafunika kwa mistari myeusi. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, waliwasilisha mahakamani PDF yenye mistari myeusi, watu wakanakili maneno wakayabandika kwingine, yakasomeka yote, maana weusi ulikuwa umelazwa tu juu ya maandishi. Ukungu nao usiuamini, ule wa kuchanganya pikseli unaweza kubahatishwa mpaka namba ikarudi. Ikibidi kabisa watu waone kitu, chapa upya mwenyewe ile aya moja au jedwali moja unalolihitaji, kwa fonti yako, useme wazi umechapa upya.

Haki ya kujibu wape, lazima, na muda wa kutosha sio saa mbili za Ijumaa jioni. Lakini unawapa maswali, hauwapi karatasi. "Je ni kweli kampuni fulani ilisajiliwa tarehe fulani na mkurugenzi wake ni ndugu wa fulani?" Wakikujibu tuonyeshe hiyo dokumenti kwanza, ujue wanamtafuta mtu, hawatafuti ukweli. Wewe rudia swali.

Na hili la kwamba watu hawaamini bila kuona, waonyeshe ulivyofanya kazi. Fremu ya video pembeni ya picha ya setilaiti, mshale hapa mshale pale, tarehe ya usajili pembeni ya tarehe ya tenda. Hiyo mtu anaweza kuirudia mwenyewe nyumbani kwake, wakati skani ya muhuri hawezi kuifanyia chochote zaidi ya kuitazama.

Kwa leo mtafute jamaa umuulize kitu kimoja, hizo kurasa 43 kwa mpangilio huo zimepita mikononi mwa watu wangapi. Akisema mia mbili una nafasi ya kupumua. Akisema watano, basi hata namba ya ukurasa usiitaje, na tarehe uliyozipata usimwambie mtu, mimi nikiwemo.