Dogo, usiingie Riovanes na sloti moja. Mimi niliingia

Marahaba, lakini salamu tutamalizana baadaye. Toa kidole kwenye hicho kitufe kwanza.

Uzi wako nimeusoma nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu, nikapitiliza kituo. Umesema umenunua PS1, ile PlayStation ya kwanza, ya mtumba pamoja na memori kadi moja, unataka tukutajie RPG (gemu za hadithi, wahusika wako wanapanda leveli) tano kali za enzi hizo, unauliza kati ya mashine yenyewe na emuleta (programu ya kuchezea gemu hizo kwenye kompyuta au simu) ipi bora, na namna ya kuunga ule waya wa njano kwenye TV bapa. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka, ukaongeza: "Kwa sasa nacheza Final Fantasy Tactics, nimetoka Yardow, nasevu sloti ile ile moja maana kadi imejaa." Na mchangiaji wa tatu hapo juu kakujibu sloti moja, yaani nafasi moja ya kusevu, inatosha, gemu ni gemu.

Huyo mchangiaji wa tatu simjui. Ningekuwa jirani yake ningemnyang'anya padi.

Sikiliza. Ukitoka mji wa Yardow unapita msitu wa Yuguo, ukimaliza msitu ni ngome ya Riovanes. Pale kuna mapambano matatu mfululizo: getini, ndani, juu ya paa. Katikati ya mapambano gemu inakuuliza kwa upole, kama mhudumu wa hoteli, je ungependa kusevu? Ukikubali, mlango umefungwa nyuma yako. Huoni tena ramani. Hakuna duka, hakuna kwenda porini kupiga vijinyama ukapandisha leveli. Na ile sevu yako ya nje, uliyokuwa bado mtu huru, umeshaifunika kwa mikono yako mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili. Chang'ombe yetu ya hapa Dodoma, si ile ya Dar, kulikuwa na banda la gemu la tofali za kuchoma, TV mbili za chogo, na kanga imening'inizwa mlangoni kuzuia vumbi. Vumbi lenyewe mnalijua, kanga haikulizuia. Mashine moja ilikuwa inalazwa kichwa chini miguu juu ndiyo isome sidii, na ukiicheka inagoma. Saa moja shilingi 300. Wenzangu wote walikuwa wanapigana Winning Eleven, gemu la mpira, mimi nimejikunyata kwenye ile mashine ya miguu juu na kamusi ya Kiingereza mapajani, nasoma habari za Ramza, mhusika mkuu wa Tactics, na rafiki yake Delita. Waliniita Mchungaji, kwa sababu mtu mwenye kitabu kinene bandani alikuwa ama mchungaji ama mgonjwa.

Hela nilikuwa naipata kwa kuchuma zabibu shamba la mjomba, Makutupora. Kwa hiyo ninapokwambia niliingiza saa 41 kwenye ile gemu, piga hesabu: shilingi 12,300 za mgongo uliopinda. Kwa mtoto wa kidato cha pili miaka ile hiyo ilikuwa mtaji. Kuna watu wameanza genge la nyanya kwa pungufu ya hapo.

Sasa nije kwa mwenye banda. Simtaji, ana familia. Huyu bro tulimheshimu kama mganga. Siku ya kwanza nilipotaka kusevu mara ya pili pembeni, akanishika mkono: "Dogo, usijaze kadi, mashine itakuwa nzito. Sevu juu ya ile ile." Akaongeza kwamba kadi ikijaa inaungua. Inaungua! Nilimwamini, kwa sababu alikuwa na funguo mkononi na miwani ya jua ndani ya banda lisilo na dirisha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Ukweli niliujua baadaye sana. Memori kadi ya PS1 ina kilobaiti 128, imegawanywa bloku 15 za mchezaji kutumia. Ukitumia moja au zote 15, mashine inakwenda kasi ile ile, wala hakuna kinachoungua. Bro alikuwa analinda ligi zake za Winning Eleven zilizokuwa zinakula bloku za kadi. Bloku chache zilizobaki alikuwa anatupangisha, shilingi 200 kwa wiki kila bloku, kama vyumba vya Mji Mpya. Mpangaji wa vyumba viwili alikuwa anamnyima nafasi ya kusajili wachezaji. Mimi nikadhani ananipa elimu ya kompyuta.

Basi nikaingia Riovanes. Getini nikashinda, nikajiona jemadari. Skrini ikauliza, nikasevu. Juu ya ile ile, kama nilivyofundishwa.

Pambano la ndani linaanza Ramza akiwa peke yake na Wiegraf. Rafiki zako hawapo. Agrias hayupo, Mustadio na bunduki yake hayupo, wale askari wote uliowalea kwa jasho hawapo. Ni wewe na mtu ambaye tangu sehemu ya kwanza ana kinyongo cha dada yake, Miluda, na sasa kashika jiwe la zodiaki. Mimi Ramza wangu nilikuwa nimempa kazi ya Wizard, mchawi. Nilipenda kofia, basi. Ile kofia ndefu na uso hauonekani. Kazi ya Wizard ni kusoma dua ndefu ndipo moto utoke, na mwilini ni laini kama andazi la jana. Wiegraf hasomi dua. Lightning Stab yake inatoka papo hapo, kutoka mbali, bila kungoja. Nilikuwa bado nachaji radi yangu ya kwanza, kijana yuko chini.

Nikalodi. Nikafa. Nikalodi, nikamkimbiza Ramza kwenye kona, nikafa konani. Mara moja tu nikafanikiwa kumjeruhi vya kutosha, nikaruka mpaka bango la Winning Eleven likaanguka ukutani. Kumbe ukimshinda Wiegraf anageuka Velius, dude lenye pembe, na mapepo yake matatu. Hapo wenzangu wakaletwa, kweli, lakini Ramza alikuwa amebakiza uhai wa kuazima. Tulimalizwa wote kabla sijajua kitufe kipi nibonyeze. Nilijaribu mara 31, nilikuwa naweka mistari nyuma ya daftari la Jiografia. Mwalimu alikuja kuniuliza ile ni takwimu ya nini. Nikamjibu ni mvua.

Hii ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, na nina watoto wawili: kosa la kofia lingerekebishika kwa mchana mmoja. Ningekuwa na sevu ya nje ningerudi porini, nikambadilisha kazi, nikamnunulia mavazi ya maana, nikarudi nikiwa mtu mwingine. Mchana mmoja, shilingi 1,500 hivi. Badala yake saa 41 zote zilikuwa ndani ya ile ngome na mimi nje nimeshika kamusi.

Nikamwendea bro. Unajua alisemaje? "Anza upya, utapata uzoefu." Na huku anaandika jina langu kwenye daftari la saa. Kwake mimi kuanza upya ilikuwa ni wiki mbili za biashara! Nikikumbuka yale macho nyuma ya ile miwani, nashukuru Mungu sikuwa na nguvu za kunyanyua TV ya chogo. Mke wangu hili jina la Wiegraf analijua kwa jinsi ninavyolilalamikia, ila muda mrefu alidhani ni mtu aliyenidhulumu kiwanja.

Sikulia. Niliingiwa na vumbi.

Sheria yangu ni hii, nimeilipia: sevu ya ndani haikanyagi sevu ya nje. Sloti A ni ya ramani, unasevu ukiwa huru, umesimama mjini, unaweza kwenda kokote. Sloti B ni ya vitani, kila gemu inapokuuliza katikati ya mapambano. B isiguse A hata kama nyumba inaungua. Ukitoka salama upande wa pili na ukaiona ramani tena, hapo ndipo A inasogezwa mbele.

Kadi imejaa, umesema. Ukishasevu salama ukiwa kwenye ramani, zima mashine, toa sidii, washa bila sidii. Itakuletea menyu yenye memori kadi. Ingia, utaona bloku zote na alama zake ndogo. Hiyo mashine ni ya mtumba, nina uhakika umerithi ligi za mtu wa 2004 huko. Futa. Usimwonee huruma, timu yake imeshastaafu. Au tafuta kadi ya pili, mashine ina nafasi mbili, na menyu hiyo hiyo inakuruhusu kunakili kutoka moja kwenda nyingine. Wakati inaandika usichomoe kitu, na kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kwenda na kurudi, fanya kazi hiyo muda ambao huwa umetulia.

Na kabla ya kuingia ngome, Ramza mrudishe Squire, kazi yake ya mwanzo, au mpe uwezo wa Squire kama kazi ya pili. Ramza ana kitu kinaitwa Yell, kinaongeza kasi kwa 1 kila unapokitumia, na ile kasi inabaki mpaka pambano liishe. Anajipigia mwenyewe kelele, kama konda. Kimbia, jipigie kelele, kimbia tena. Ikifika mahali wewe unacheza mara mbili tatu yeye anacheza mara moja. Hapo tumia Accumulate, uwezo mwingine wa Squire, iongeze nguvu ya mkono kisha umfuate Wiegraf. Pia mpitishe kazi ya Chemist, mtu wa dawa, achukue Auto Potion, akipigwa anakunywa dawa mwenyewe. Mara yangu ya pili nilimpiga Wiegraf hivi hivi, kwa kadi yangu mwenyewe niliyoinunua Uhindini, sloti mbili, mkono hautetemeki. Kidogo ulitetemeka.

Kule paa usijisahau. Rafa, msichana wa upande wako, anakimbilia mbele mwenyewe, humwongozi wewe, na akifa tu kila kitu kimeisha. Kuna siku aliuawa sijapata hata zamu moja. Hapo huna kosa, lodi B ujaribu tena. Na porini askari wako akianguka hesabu ya tatu, mbili, moja inaanza juu ya kichwa chake, ikiisha anageuka kioo au sanduku na humpati tena maisha. Unaona sasa kwa nini nakazania?

Enhee, RPG tano. Hiyo Tactics ya 1997 ni namba moja, hata kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Suikoden II ya pili: unakusanya watu mpaka 108, na ukiwa na sevu ya Suikoden ya kwanza iliyomaliza gemu unaiingiza na inakubebea mambo, kwa hiyo ukiwa umeifunika, pole. Pia kisa cha Clive, mmoja wa hao 108, kinategemea saa ulizocheza, ukizubaa kinakupita. Na dawa ya kuzubaa ni sevu ya zamani. Final Fantasy IX, sidii 4, nzuri, icheze na familia. Vagrant Story ya 2000 imeongozwa na Yasumi Matsuno yule yule wa Tactics, ngumu, usiianze wakati wa mitihani. Ya tano wadau watakutajia, wataanza kubishana kuhusu Final Fantasy VII na VIII, mimi simo.

Emuleta? Ni sawa tu, ila mtu wa emuleta ndiye anayezama haraka zaidi, anabonyeza kitufe kimoja cha sevu ya papo hapo, sloti ile ile, mara mia kwa siku. Toleo la Tactics la 2007 la PSP, mashine ya mkononi, ngome ni ile ile. Lile jipya la 2025 wameweka sevu ya otomatiki, nikacheka kwa uchungu mpaka mwanangu akaja kuniangalia. Wangeniuliza mimi mapema.

Waya wa njano sijui wengine watakwambia nini, mimi bado ninayo TV ya chogo, iko stoo.

Sasa rudi hapa ujibu swali moja: uko Yuguo bado, au umeshapita geti? Kama umeshapita na umeshasevu, usizime kitu, niambie Ramza ana kazi gani na ana uwezo gani wa pili. Kama ana ile kofia, nipigie picha nijiandae kisaikolojia.